Picha Moja Tu ya Kahawa

Kabla sijaandika barua pepe hata moja, nilikuwa mtengeneza kadi. Duka moja la steshenari la Kimandolu liliniajiri nilipomaliza kozi ya kompyuta, na kazi yangu ilikuwa kadi za michango: harusi, kipaimara, sendofu. Biashara huria ilikuwa imetuletea printa za rangi na karatasi zinazong'aa, na kila familia yenye binti wa kuoza ilitaka kadi isiyofanana na ya jirani. Niliweka waridi pembeni, njiwa wawili juu, na katikati maneno ya familia kwa herufi za mikunjo. Kadi ilikuwa picha moja nzima, maneno yamelala ndani ya maua. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kadi hupelekwa kwa mkono na mwenyewe huishika akaisoma.

Naeleza haya mapema ili mtu asinicheke sana huko mbele. Kosa nililokuja kulifanya lilikuwa kosa la mtengeneza kadi.

Mzee aliyenitoa dukani alikuwa na ofisi ya utalii karibu na soko, chumba kimoja chenye kompyuta moja na simu moja. Watu wake walikuwa Waislamu wa biashara waliotoka Pangani enzi za babu yake, na yeye mwenyewe aliuza vipuri vya magari mpaka milango ya biashara ilipofunguliwa, akanunua magari mawili ya kupeleka wageni mbugani. Aliona kadi ya harusi ya mpwa wake akauliza nani kaitengeneza. "Aje anichoree na mimi wageni," alisema. Kazi yangu ikawa kuwaandikia watu waliowahi kusafiri naye, ambao anwani zao za barua pepe alizihifadhi kwenye daftari, niwaeleze safari mpya ili warudi au watume ndugu zao.

Safari mpya mojawapo niliileta mimi. Kwetu ni juu, kwenye miteremko ya Meru, katikati ya kahawa na migomba. Kahawa ndiyo iliyonisomesha. Soko lilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi walikuja na magari mpaka uani kwetu, wazee wakafurahi, wakaona ushirika umepitwa na wakati. Kisha bei ikaporomoka, na yale magari yakasahau njia. Baba mdogo alikuwa ameshahamia Kikwe, analima nyanya kwa maji ya mfereji, na kila alipokuja kututembelea alikuja na viatu vipya. Baba aliviangalia sana viatu vile. Mwaka ule aling'oa safu tatu za chini za mibuni yetu, akatangaza kwamba msimu ukiisha atazimaliza zilizobaki apande nyanya.

Kwa desturi yetu mibuni ni ya baba na jasho ni la mama. Mama hakuwa na sauti ya kulizuia jembe, kwa hiyo aliomba. Alimwomba baba asikate shauri mpaka msimu ule uishe, ili kikundi chake cha kina mama wa usharika kijaribu kupokea wageni: watembezwe shambani, wachume kahawa, waimenye, waikaange, waitwange, wainywe, halafu wale mtori wa ndizi. Wazo lilikuwa langu, na lile ombi lilinikaa kifuani. Sikuwahi kumsikia mama akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe. Nilijiapia kwamba mibuni ile haing'olewi.

Bosi wangu alikubali kuiweka safari ya kahawa kwenye orodha yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini huyo mgeni aje kweli, binti."

Kikundi kilikuwa na kina mama ishirini na watatu. Niliwaambia nahitaji picha ya kuweka kwenye barua. Jumapili iliyofuata nilifika na kamera ya ofisi nikawakuta wamejipanga mbele ya kanisa kwa safu tatu, vitenge vya sare, vilemba vimepigwa pasi, na katikati yao mchungaji na wazee wa kanisa wanne ambao hawakuwa hata wanachama. Nyuma yao hapakuwa na mbuni hata mmoja. Nilipopendekeza twende shambani wakiwa na nguo za kazi, walinitazama kana kwamba nimewaambia wavue nguo. Kwetu mtu hupigwa picha akiwa ameoga.

Katibu wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyewahi kunichapa darasa la tatu, na mimi mtu mzima bado nilimwogopa.

"Ukaitengeneze vizuri," aliniambia. "Na usije ukamkata mtu. Kuna mama alikatwa kwenye picha ya ubatizo, na mpaka leo nyumba yake na ya mwenye mtoto hazipeani moto."

"Sawa, mwalimu."

Basi nikatengeneza kadi. Mpaka wa kijani kuzunguka ukurasa, maua meupe ya kahawa kwenye pembe nne, picha ya kanisani juu, kubwa, watu wote ishirini na wanane ndani. Chini yake salamu ndefu, maana huwezi kumwomba mtu kitu kabla hujamjulia hali yeye na watoto wake. Baada ya salamu, historia ya usharika. Baada ya historia, kule chini kabisa, ndipo safari ya kahawa. Vyote vikiwa picha moja, maneno yamelala ndani ya maua kama nilivyozoea.

Kuituma kulichukua asubuhi nzima. Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu, na mtu akipiga simu ofisini kila kitu kilikatika nikaanza upya. Bosi alizunguka chumbani akisubiri simu ya dereva wake huku akivuta uradi. Barua ya mwisho ilipoondoka nilijinyoosha kitini nikajiona fundi.

Wiki ile yalikuja majibu matatu. Mtu wa kwanza alitaka nimfute kwenye daftari, kwa sababu barua yangu ilikuwa nzito mno na ilizuia barua zake nyingine zisiingie. Wa pili aliuliza kama kompyuta yetu ina virusi. Jibu la tatu lilitoka kwa muuguzi mstaafu, mama mmoja aliyewahi kupanda Mlima Meru kupitia ofisi yetu. Aliandika kwa upole kwamba amepokea barua tupu: kisanduku kikubwa cheupe, alama ndogo ya X nyekundu kwenye pembe, na hakuna neno hata moja. Aliuliza kama sote tu wazima.

Bosi alisoma majibu yale akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Umempelekea mgeni sinia limefunikwa," alisema. "Kafunua, hamna wali."

Sikucheka. Akavuta kiti akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba orodha yake mpya ya safari inakwenda kuchapwa karibuni. "Nakupa barua moja nyingine. Ikileta mtu, kahawa inabaki. Isipoleta, naitoa. Usinione mbaya, binti."

Nilikasirika. Siku ile niliwakasirikia wageni na kompyuta zao. Usiku ule nikajikasirikia mwenyewe, ambako ndiko nilikopaswa kuanzia. Asubuhi hasira ikawa kazi.

Nilifungua anwani tatu za bure katika kampuni tatu tofauti, nikajitumia barua yangu mwenyewe, kisha nikaenda kwenye mgahawa wa intaneti mjini kuifungua kama mgeni. Kwenye anwani ya kwanza picha ilishuka taratibu, mstari baada ya mstari. Ulikuja mpaka wa kijani, ukaja msalaba wa kanisa, yakaja mabati, ukaja upara wa mchungaji. Niliagiza chai. Chai ikaja, nikainywa yote, na kina mama walikuwa bado wameishia shingoni. Kwenye anwani ya pili picha ilikuwa pana kupita kioo, ikabidi niwaone kina mama mmoja mmoja kwa kuburuta. Kwenye ya tatu hakikuja kitu. Kisanduku cheupe, X nyekundu, basi.

Hapo nilielewa. Kadi ama inafika nzima au haifiki. Barua pepe inafika vipande vipande, na picha ndicho kipande kinachochelewa, au kinachozuiwa mlangoni na kompyuta ya mwenyewe kwa kuogopa virusi. Mimi nilikuwa nimechukua kila neno la mama yangu nikalifungia ndani ya kitu kisichofika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikuwa na kitabu cha HTML, ile lugha ya kupangia kurasa za kompyuta, kilichochanika jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, nami nikakisoma kila jioni katika chumba changu cha kupanga huko Sokon I, nikirudia ukurasa mmoja mara tatu mpaka ulipokubali. Niliyatoa maneno ndani ya picha nikayaandika kama maneno, yafike hata picha ikigoma. Safari ya kahawa nikaipandisha juu. Salamu nikaziacha sentensi moja, na historia ya usharika nikaitoa bila huruma. Maua ya pembeni nikayafuta yote manne, ingawa niliyapenda. Picha nikaipunguza upana ienee kwenye kioo bila kuburutwa, nikaikamua uzito mpaka ikafunguka kabla mtu hajamaliza kukoroga sukari.

Lakini nilipoipunguza hivyo, watu ishirini na wanane wa mbele ya kanisa wakawa punje za ulezi. Mgeni asingejua anaitwa kwenye kahawa au kwenye mazishi. Picha ndogo hubeba kitu kimoja tu. Nami nilikijua hicho kitu kimoja, nilikuwa nimekiona kila msimu tangu utoto: mikono ya mama juu ya turubai, ikichambua matunda mekundu na kuyatenga yaliyo mabichi, haraka kuliko macho yanavyoweza kuifuata. Ilikuwa mikono yenye madoa meusi ya utomvu wa migomba, madoa ambayo sabuni ilishaacha kuyahangaikia.

Jumamosi nilipanda nyumbani nikamwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anamenya ndizi.

"Mikono hii?" aliuliza, akaiingiza ndani ya kanga. "Watu wa Ulaya waje waone mikono hii?"

"Ndiyo, mama."

"Kampige mke wa mchungaji. Yake ni laini."

"Mikono laini haijui kahawa."

"Hata mimi nisingependa kuijua hivi," alisema, na nikaona hatanii. Nilikumbuka kwamba kanisani hushika kitabu cha nyimbo kupitia kwenye kanga. Nilikuwa nikidhani ni heshima. Ilikuwa aibu, na miaka yote ile sikuiona.

"Halafu wenzangu?" aliendelea. "Watasema umemweka mama yako, wao umewatupa. Hapana, mwanangu. Mimi siwezi."

Nilikwenda kwenye mkutano wa kikundi mwenyewe. Ulikuwa katika chumba cha jumuiya, kina mama wamekaa kwenye mabenchi, mama yangu benchi la nyuma. Nilimwamkia katibu, nikatoa barua mpya niliyoichapa kwenye karatasi, mahali pa picha pakiwa wazi, nikawaeleza. Nilieleza vizuri mwanzoni. Halafu mmoja akauliza kwa nini wasiwekwe kumi tu wa safu ya mbele. Mwingine akasema safu ya mbele ilipangwa kwa upendeleo. Wa tatu akasema afadhali mchungaji peke yake. Uvumilivu wangu si mrefu, na siku ile uliisha.

"Hamtakuwemo," niliwaambia. "Hatakuwemo mtu. Si mchungaji, si safu ya mbele, si mama yangu. Wageni hawaji kuangalia vitenge. Picha itakuwa ya mikono inayochambua kahawa, na itaishia hapa." Nikajishika kwenye vifundo vya mikono.

Katibu alivua miwani yake, na mimi nikahisi darasa la tatu limerudi.

"Kwa hiyo umetukata wote," alisema.

"Nimewakata wote, mwalimu."

Aliifikiria ile. Akafuta miwani kwa ncha ya kilemba, akaivaa. "Ukimkata mmoja ni ugomvi," alisema. "Ukitukata wote hakuna wa kununa. Mikono isiyo na uso ni ya kikundi. Piga."

Wakapiga makofi, likabaki swali la mikono ya nani. Mimi nilimtazama mama, naye akaangalia sakafu.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya chini, inayopita zilipokuwa zile safu tatu. Baba alikuwa ameianika mizizi ya mibuni ikauke iwe kuni. Mama alisimama. Ile mibuni aliipalilia tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi, na sasa imelala miguu juu. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama kamera ninayo.

"Ninayo."

"Kesho kutwa nachuma," alisema. "Utapiga. Lakini uso wangu nisiuone humo hata kivuli."

Nilipiga mkanda mzima asubuhi ile, yeye akichambua, mimi nimepiga magoti kwenye umande. Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu kwa haya. Akajisahau, vikaanza kukimbia. Picha niliyoichagua ilikuwa na viganja viwili vimejaa matunda mekundu, na vidole vyeusi vinatenga tunda moja la kijani. Nilipoionyesha kwa kikundi, kila mama alisema ni mikono yake. Katibu aliapa kabisa kwamba anakitambua kidole chake cha chaki. Mama alicheka mpaka akakaa chini, wala hakusema ni ya nani.

Kilibaki kipande kimoja. Kwenye HTML, kila picha ina nafasi ya maneno ya akiba, yale yanayotokea ndani ya kisanduku picha isipofunguka. Nilikuwa nimeandika pale "picha ya kahawa" nikaona yametosha. Halafu nikamfikiria yule muuguzi mbele ya kisanduku chake cheupe. Nikafuta. Kwa Kiingereza changu cha shule niliandika: Mikono ya mama yangu, myeusi kwa utomvu wa migomba, ikichagua kahawa iliyoiva. Nikaituma barua. Safari hii ilimalizika kabla bosi hajarudi kutoka swala ya adhuhuri.

Wiki ya kwanza hakuna kilichokuja. Wiki ya pili mtu mmoja alisifu picha, akasema hana likizo. Baba alikwenda Kikwe akarudi na miche ya nyanya ya kuanzia kitalu. Niliifungua ile kompyuta asubuhi, mchana na jioni, mpaka bosi akaniuliza kama nina mchumba humo ndani. Wiki ya tatu muuguzi akaandika. Anakuja Tanzania na rafiki zake wawili, na siku ya kwanza kabisa, kabla ya mbuga, anataka kwenda kwenye kahawa.

Wageni watatu si msafara. Nilipomwambia baba alirudia tu, "Watatu," akaendelea kumwagilia miche yake.

Siku walipofika, kina mama wote ishirini na watatu walikuwepo uani kwetu, na wamevaa sare za Jumapili, kwa sababu huwezi kushinda vita vyote. Turubai lilikuwa limetandazwa, matunda yamemwagwa juu. Baba alikaa pembeni, mlangoni kwa zizi la ng'ombe, kama mtu aliyepita tu. Muuguzi alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, mrefu, ana fimbo. Aliwasalimia wote, kisha akaniuliza ni yupi. Sikumwelewa. Akatoa kwenye mkoba barua yangu, aliyoichapa kwao. Maneno yalikuwepo yote. Mahali pa picha palikuwa na kisanduku cheupe, na ndani yake ule mstari wangu mmoja wa Kiingereza, ameupigia mstari kwa kalamu.

Picha haikuwahi kufunguka kwake. Ile picha tuliyoigombania, nikaikamua, nikaipigia magoti kwenye umande, hakuiona hata siku moja.

"Nimefunga vidonda vya mikono miaka arobaini," aliniambia, nami nikawatafsiria kina mama. "Nimekuja kuiona hii."

Kina mama wote walikuwa wamejigawia mikono ile, na sasa hakuna hata mmoja aliyeinua wake. Waligeuka wakamtazama mama yangu. Katibu naye aligeuka, kumbe siku zote alijua.

Mama alikuwa ameificha mikono ndani ya kanga. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Akaitoa polepole, akaunyoosha mmoja, kisha wa pili. Muuguzi aliegemeza fimbo kwenye mgomba, akaishika yote miwili, akaigeuza upande wa kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya madoa kama mtu anayesoma. Hakusema ni mizuri. Aliinama, akapiga magoti kwa shida pembeni ya turubai, akaomba afundishwe.

Walichambua pamoja kwa muda mrefu, na yule mzungu alitenga mabivu mengi upande wa mabichi, na kina mama wakamcheka, naye akajicheka. Baba alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Alikuwa amesimama nyuma ya mama, anatazama ile mikono minne. Aliitazama ya mama zaidi, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiitazama, na aliishi nayo nyumba moja miaka yote.

Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida.

"Mwambie mgeni," alisema, "mwakani aje mapema kidogo, aikute ikiwa maua."

Mama aliacha kuchambua. Mibuni iliyong'olewa haitoi maua, na pale uani hapakuwa na asiyejua hilo ila wale wageni watatu. Nilimtafsiria muuguzi neno kwa neno, taratibu, nisije nikakosea.